Mama Akisahau, Tumwambie Ukweli Gani?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi kati yetu zinalo ndani ya nyumba lakini hazilisemi, kwa aibu au kwa kuogopa majirani. Ni habari ya wazee wetu wanaosahau.

Dada mmoja wa kwaya alikuja kwetu baada ya ibada, akasubiri mpaka watu wote wametoka. Anamtunza mama mkwe wake, bibi aliyezaliwa Gitaza. Kwa wasioijua, Gitaza iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Upande mmoja ni maji, upande mwingine ni mlima mkali, na nyumba zimebanwa katikati. Wavuvi hutoka jioni na taa zao, hurudi alfajiri na ndagala, na wanawake huwangoja ufukweni na mabeseni.

Bibi huyu bado anangoja. Kila alfajiri huchukua beseni na kutoka kumpokea mumewe. Hapa tulipo hakuna ziwa. Mara mbili amekutwa mbali barabarani, bila viatu. Jioni hataki chakula kiishe, kwa sababu baba hajala. Na huyo baba alifariki zaidi ya miaka kumi iliyopita, akazikwa yeye mwenyewe akiwepo.

Dada akasema: "Pasta, mnifundishe. Nikimwambia baba alikufa, analia kama amepata habari leo. Kesho amesahau, anauliza tena, nami namtia tena msibani. Nikimwambia baba atakuja kesho, ananyamaza na kula. Lakini huo ni uongo, na mimi ninasimama mbele ya kanisa kuimba. Dhambi ni ipi kati ya hizo mbili?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Haya tunayoandika ndiyo tuliyopata tangu hapo, kwa kusoma Neno, kwa kuwauliza wauguzi, na kwa kukaa na bibi mwenyewe.

Kwanza tuungame

Hatuwezi kumjibu dada kabla ya kukiri kosa letu. Bibi alipoanza kubadilika, sisi viongozi ndio tuliosema ni pepo. Tulikwenda kwake usiku, siku tatu mfululizo, tukamzunguka na kukemea kwa sauti kubwa. Yeye hakutambua kwamba sisi ni watu wa kanisa lake. Aliona wanaume wengi wanapiga kelele nyumbani mwake gizani, na ninyi mliokimbia vita mnajua kelele za namna hiyo humkumbusha mtu nini. Alijificha nyuma ya magunia, na kwa siku nyingi hakulala. Tuliiombea familia hiyo amani, lakini sisi wenyewe ndio tulioiondoa. Tunaomba msamaha, kwao na kwa Mungu.

Mathayo, katika sura ya 4 mstari wa 24, anapoorodhesha watu walioletwa kwa Yesu, anawataja wagonjwa na wenye pepo kila mmoja kwa jina lake. Hakuwachanganya. Sisi tuliwachanganya.

Tena tusidhani kosa hili ni dogo. Kule Kisii, nchini Kenya, mwezi wa Oktoba 2021, kundi la watu liliwaua wanawake wanne wazee katika eneo la Marani kwa kuwashutumu uchawi. Usukumani, Tanzania, kwa miaka mingi wanawake wazee waliuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na mara nyingi wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni tu. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayeingia katika nyumba isiyo yake, ndiye anayenyoshewa kidole kwanza. Na hayo matatu ni dalili za ugonjwa ambao madaktari wanaujua.

Ugonjwa huu ni nini?

Jina lake la jumla ni demensia. Ni hali ya ubongo kuharibika kidogo kidogo, hata mtu apoteze kumbukumbu, lugha, uamuzi, na mwisho uwezo wa kuvaa na kula mwenyewe. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo la kila mtu. Kuushika ufunguo na kutojua ni wa kazi gani, hiyo ni dalili. Wazee wengi hufikia miaka tisini na akili timamu, kwa hiyo tusiseme ni uzee tu.

Aina inayoonekana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote wa demensia. Umeitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kumshuku mumewe bila sababu. Alipoambiwa aandike jina lake, hakuweza kulimaliza. Mama huyo alifariki mwaka 1906, na daktari alipouchunguza ubongo wake kwa hadubini aliona uchafu uliogandamana kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Leo inajulikana kwamba hizo ni protini mbili, moja huitwa amiloidi, nyingine tau. Protini hizo huanza kujikusanya miaka mingi kabla mtu hajasahau chochote.

Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa baada ya kiharusi, au baada ya viharusi vidogo vidogo ambavyo mtu hakuvitambua. Mara nyingi aina hizi mbili huwa pamoja katika mzee mmoja.

Wala si ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu na sisi, katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee zaidi ya 1,000 wa miaka 70 na kuendelea. Walikadiria kwamba wazee kama 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu.

Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari: kukosa shule utotoni, shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli mbaya, unene uliozidi, kutofanya mazoezi, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, masikio kutosikia, macho kutoona, hewa chafu, huzuni ya muda mrefu na upweke. Walisema karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa kama mambo hayo yangeondolewa. Tazameni orodha hiyo, wapendwa. Shule iliyokatizwa, pigo la kichwa, moshi, huzuni, upweke: ni habari za maisha yetu. Kwa hiyo kupima presha zahanatini, kuacha sigara, na kumtembelea mjane aliye peke yake ni kinga pia.

Je, kuna dawa?

Dawa ya kuuponya haipo mpaka leo. Zipo dawa za zamani, kama donepezili na memantini, ambazo huwapunguzia wengine dalili kwa muda. Marekani iliidhinisha dawa mpya mbili, lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Hizo hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi, tena kwa walio katika hatua za mwanzo tu. Ni ghali sana, na mgonjwa lazima apigwe picha za ubongo mara kwa mara, kwa sababu zinaweza kuufanya ubongo uvimbe au kuvuja damu. Tunayasema haya ili mtu asije akawauzia chupa ya dawa ya Alzheimer barabarani. Atakayewaahidi uponyaji kwa fedha anawadanganya, hata kama amebeba Biblia.

Lakini si kila mzee anayechanganyikiwa ana demensia. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili, na Jumatano hajui yuko wapi, apelekwe zahanatini siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa na maji mwilini, dawa alizomeza, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Hata kusahau kwa pole pole kunaweza kutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, au huzuni nzito, na hayo yana matibabu. Msimpe mzee jina la ugonjwa kabla hajapimwa.

Swali la dada yetu

Sasa turudi kwa dada. Wako wanaosema ukweli ni ukweli, asemwe hata kama unaumiza. Hatuwadharau. Sisi wakimbizi tunajua uongo unavyoua. Wengi wetu tulikimbia kwa sababu ya maneno ya uongo yaliyosemwa juu ya jirani na jirani. Mchungaji akianza kusema kuna uongo mzuri, anafungua mlango ambao hajui nani atapita.

Lakini tujiulize: tunamwambia mtu ukweli ili afanye nini nao? Tunamwambia ili aujue, aulie, azike, na siku moja apate faraja. Mama aliyefiwa hulia matanga, halafu polepole huinuka. Bibi yetu hawezi kuinuka, kwa sababu habari haikai. Anapewa siku ya kwanza ya msiba, na siku ya pili haifiki. Tena watafiti wamegundua kwamba mgonjwa wa Alzheimer husahau jambo lililomhuzunisha, lakini huzuni yenyewe hubaki naye. Kwa hiyo dada anaposema baba alikufa, ukweli unapotea na kidonda kinabaki. Mbele ya jambo hilo hatuwezi kusema kwamba tumemshuhudia kweli.

Je, basi amdanganye? Tulipokaa na bibi tuliona kwamba njia si mbili tu. Siku moja alipouliza baba yuko wapi, mama mmoja wa kanisa hakumjibu kwamba amekufa, wala hakusema atakuja. Alimwambia: "Umemkumbuka sana baba. Alikuwa mvuvi wa namna gani?" Bibi akaanza kusimulia: taa, nyavu, upepo wa Agosti, ndagala zilivyokaushwa, baba alivyokuwa mkali asubuhi mpaka anywe uji. Alisimulia mpaka jua likazama, akala, akalala. Katika mazungumzo yote yale halikusemwa neno moja la uongo.

Na anapotaka kutoka alfajiri na beseni, dada amejifunza kumwambia: "Mama, ziwa liko mbali. Tunywe uji kwanza." Hilo nalo ni kweli. Baada ya uji, mara nyingi safari imesahaulika.

Maana neno "nataka kwenda nyumbani" halimaanishi ramani siku zote. Mwishoni mwa Machi 2015 mlima uliporomoka pale Gitaza, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kukata barabara. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za ufukweni huko Rumonge. Hata tukimpandisha gari leo, Gitaza anayoitafuta hataikuta. Anatafuta mahali ambapo anajulikana na haogopi. Hilo tunaweza kumpa hapa hapa, bila kudanganya.

Lakini mtauliza: usiku wa manane, bibi analia, amekataa kila neno, na dada amechoka, akasema "atakuja, mama, lala," je, ametenda dhambi? Sisi hatutamhesabia. Hatuifundishi kuwa njia ya kwanza, kwa kuwa njia bora ipo. Lakini amri ya tisa, katika Kutoka 20, inakataza ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani, nasi hatuoni katika neno lile la usiku jambo lolote lililo dhidi ya bibi. Dada asimame kwenye kwaya na kuimba.

Kipimo cha Yakobo

Ili mlango tuliousema usije ukafunguka kwa wote, Biblia inatupa kipimo. Katika Mwanzo 27 kuna mzee aliyedanganywa na mwanawe. Isaka alikuwa na akili zake, ila macho yalikuwa yamekwisha. Yakobo alivaa nguo za ndugu yake, akajifunika ngozi za mbuzi, akaja na chakula kitamu, akachukua baraka isiyo yake. Maneno yalikuwa matamu na mzee alikula akafurahi. Hata hivyo ulikuwa wizi, na mzee alipojua alitetemeka mwili mzima.

Basi kipimo ni hiki: nani anakula matunda ya neno lile? Mkwe aliyesema "lala, mama" hakupata kitu ila usingizi wa mama. Yakobo alipata urithi.

Na Yakobo yuko kati yetu. Yuko anayeshika kadi ya mgao ya bibi na kumwambia amekwisha kula. Yuko anayetoa fedha katika simu yake. Yuko anayekishika kidole gumba cha mzee na kukikandamiza kwenye karatasi. Ninyi wa Rumonge mnajua uzito wa karatasi hiyo. Tangu watu walipokimbia mwaka 1972, mashamba na michikichi yamegombaniwa na waliorudi na waliobaki. Ile Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, muda wake ulikwisha mwaka 2022 na kesi nyingi zilikuwa bado. Katika nyumba nyingi hati pekee ya shamba ni kumbukumbu ya mzee: mpaka unapita kwenye jiwe lipi, mti ule nani aliupanda. Mzee anapoanza kusahau, wengine huona mlango umefunguliwa.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mzee akianza kusahau, aketi na watoto wake wote pamoja na mashahidi, aseme mambo yake mapema wakati bado anaelewa, na yaandikwe. Akishafika mahali ambapo haelewi, kidole chake kisiguse karatasi tena. Atakayekikandamiza ametenda la Yakobo, na kanisa halitanyamaza.

Tufanye nini?

Amri ya tano haisemi mheshimu baba na mama maadamu wanakujua. Katika Mwanzo 9, Nuhu alipolala uchi, Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Vijana, mzee akitoka nje bila nguo, msimpige picha za simu. Mfunikeni, mrudisheni nyumbani.

Msibishane naye. Mwiteni kwa jina, kaeni mbele yake, semeni neno moja moja. Wazee wengine walijifunza Kiswahili ukubwani, na ugonjwa ukizidi hubaki na Kirundi au Kibembe peke yake, wakati wajukuu waliozaliwa uhamishoni hawakijui. Atafutwe mtu wa lugha yake aje kuzungumza naye. Kule Hai wataalamu walijaribu kuwakutanisha wazee wenye demensia katika vikundi vidogo, kwa mazungumzo na shughuli za pamoja, wakaona wanapata nafuu. Kazi hiyo haihitaji hospitali. Kuanzia mwezi ujao akina mama wetu watakutana na wazee hao kila Alhamisi chini ya mti wa kanisa, kwa nyimbo za zamani na kuchambua maharage.

Tuwakumbuke na watunzaji. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Dada yetu hajalala usiku mzima kwa miezi mingi. Kila bloku ichague watu wanne wa kupokezana, ili apate kwenda kisimani, zahanatini na kwenye mazoezi ya kwaya. Majirani waambiwe wazi kwamba bibi ni mgonjwa, ili akionekana njiani na beseni lake, wamrudishe kwa upole.

Katika Isaya 49 Mungu anasema kwamba hata mama anaweza kumsahau mtoto wake, lakini yeye hatawasahau watu wake. Zamani tulifikiri habari hiyo ni ya mama mwenye moyo mbaya. Sasa tunaona kuna mama mwema kabisa anayeweza kusahau, tena bila kosa. Bibi wa Gitaza amemsahau mwanawe, amesahau kanisa lake, na siku moja huenda akasahau jina la Yesu. Kushikwa kwake na Mungu hakukutegemea kumbukumbu yake jana, wala hakutategemea kesho. Sisi tunaokumbuka tumepewa kazi ya kumkumbuka kwa niaba yake, mpaka Bwana atakapomwita naye aitike.

Ee Baba, wahurumie wazee wetu wanaotafuta nyumbani. Wape nguvu wanaowashika mikono. Tusamehe tulipowatisha. Amina.

Mungu awabariki.